Siku Niliyomwacha Bibi Harusi Ndani ya Motoka Inayoteremka

Jambo hili nilikwepa kulisimulia miaka mingi, na hata leo nikilisema masikio yanapata moto, kwa hiyo mniwie radhi mkiona nasitasita, maana kuna aibu ambazo mtu hazizoei hata akizisimulia mara mia.

Mimi ni fundi wa magari. Nilizaliwa katika kambi ya polisi, baba yangu akiwa sajini aliyetoka kaskazini (ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani), na miaka ile ya utawala wa jeshi nilikuwa nakaa Kawempe, pembeni mwa Kampala, na mke wangu Nakato, Muganda wa Mengo, na binti yetu Akello. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati manne, nilikuwa na motoka ya Kiingereza ya zamani sana, yenye taa kubwa za duara na ubao wa kukanyagia mlangoni. Nilipewa na mwalimu mmoja mstaafu niliyemtengenezea paa, na siku naivuta kutoka kwake tulianza kwa kumwondoa kuku aliyekuwa anaatamia kwenye kiti cha nyuma.

Kuifufua kulinichukua miaka miwili. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa tangu wenyewe, Wahindi, wafukuzwe nchini, kwa hiyo gasketi nilikata kwa kadibodi nikazipaka grisi, viti nikajaza nyuzi za makonge, bolti zilizoshika kutu nikazilowesha kwenye dizeli wiki nzima, na bodi yote nikaisugua kwa msasa na mikono hii mpaka alama za vidole zikafutika. Nakato ndiye alikuwa anakaa kwenye usukani na kukanyaga mafuta, mimi nimeinama kwenye injini, ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, nasikiliza. Tena nilimfundisha kuendesha, kwenye uwanja wa mpira. Kwa hiyo motoka ile aliijua sawasawa na mimi, nami sikuwahi kulisema hilo mbele ya watu.

Basi mdogo wake, Robina, akapata mchumba, na ukoo ukaniomba nimpeleke bibi harusi kanisani Mengo, kwa sababu wenye magari mazuri walikuwa wameyaficha (gari zuri siku zile likipendwa na mwenye bunduki lilikuwa limekwenda, na pengine na mwenyewe pia). Yangu ilikuwa kuukuu mno hata kuibiwa. Nilifurahi jamani! Miaka sita nimeoa katika nyumba ile, naitwa yule mtu wa kaskazini, leo wananihitaji.

Asubuhi ya harusi motoka ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Nakato alikuwa ameshavaa gomesi yake, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, akaniona naokota bisibisi.

"Baba Akello, unatafuta nini tena? Iko sawa. Iache."

"Kidogo tu," nikamwambia. "Nataka ipande kile kilima kwa nguvu, wakwe wasikie."

Nikageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, petroli iingie zaidi. Robo tu. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwa sababu ya kutaka kusikiwa.

Tukapita Bwaise kwenye matope, Nakato mbele pamoja nami, Robina, aliyevalishwa kwetu, nyuma na shela lake, watu wanapunga mikono, tukakipanda kilima cha Mengo kama nilivyotaka. Kisha barabara ikaanza kuteremka kuelekea lango la kanisa. Wageni wamejipanga pande zote mbili, kanzu na gomesi, na upande wa pili wa barabara wanajeshi watatu wamesimama kando ya lori lao. Nikaondoa mguu kwenye mafuta ili tushuke kwa heshima, na ile petroli niliyoizidisha ikaenda kuungua ndani ya ekzosi.

Pa! Pa-pa!

Watu wote walilala chini. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: watu mia mbili walilala kimya, haraka, kama waliofundishwa, kwa sababu kila nyumba pale ilikuwa na mtu aliyechukuliwa asirudi.

Na mimi, fundi, niliyeijua sauti ile ya ekzosi kuliko mtu yeyote katika Kampala nzima? Mwili haukungoja masikio. Nilifungua mlango motoka ikiwa bado inatembea, nikaruka, nikakimbia, nikajitupa kwenye mtaro.

Nikamwangukia mtu. Nilipoinua uso, pua kwa pua, alikuwa mama mkwe wangu. Nyinyi mnaojua mila za Waganda mmeshashika vichwa: mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, hawakai chumba kimoja, miaka sita yule mama nilikuwa namwamkia kwa mbali amegeuza uso, na sasa nimelala juu yake kwenye maji machafu. Lakini yeye hakujali mila. Alinishika ukosi wa koti akaniuliza polepole, "Wanangu wako wapi?"

Ndipo nilipogeuka, nikaona motoka yangu inateremka peke yake, shela jeupe linaonekana kwenye kioo cha nyuma, na Nakato amejinyoosha kutoka kiti chake anaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Ikasimama hatua chache kabla ya nguzo ya lango.

Mngedhani yameisha. Lakini mkubwa wa wale wanajeshi naye alikuwa amelala chini kama sisi, na aliposimama sare yake ilikuwa nyekundu kwa matope kifuani, na watu wote walikuwa wameona. Aibu yake ilitafuta mtu wa kuibeba.

"Nani napiga risasi?"

"Si risasi, afande. Ni motoka yangu. Ni ekzosi."

"Kama iko motoka, wewe nakimbia nini? Dereva nakimbia motoka yake?" Akaielekeza bunduki kwangu. "Haya. Fanya ilie tena. Kama hailii, wewe iko na bunduki, na tutaitafuta kule kambini."

Aliyepelekwa kule kambini tulijua hangerudi. Nikapanda, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Motoka ikanguruma laini, tamu, kama haijawahi kukohoa tangu izaliwe. Nikazima, nikawasha. Tamu vilevile. Miaka miwili nimeiomba inyamaze, leo naiomba ipige kishindo, jasho linaingia machoni, na katika ufundi wangu wote sikukumbuka hata jambo moja.

"Shuka," akasema, na mwenzake akanishika mkono.

Nakato akashuka, akaizunguka motoka, akapiga magoti mbele ya mwanajeshi yule, kwa adabu, kama mbele ya baba yake.

"Afande, ikisimama hailii. Inalia ikiteremka. Niruhusu mimi nikuonyeshe."

Mwanajeshi akamgeukia. "Wewe mwanamke najua motoka?"

"Najua hii."

Mwanajeshi akampisha. Nakato akamteremsha Robina, akairudisha motoka nyuma mpaka juu kabisa, akashuka nayo ikiwa kwenye gea, akaondoa mguu kwenye mafuta. Pa! Pa-pa! Safari hii hakuna aliyelala. Mwanajeshi akacheka peke yake, kwa nguvu, kisha akaacha ghafla.

"Huyu mama ndiye dereva," akasema. "Wewe utatembea."

Nikatembea. Ndoa ilipokwisha kufungwa, kutoka kanisani mpaka karamuni, kupitia Bwaise, na suti yangu yenye matope, nyuma ya motoka niliyoifufua mwenyewe.

Mambo ya mama mkwe wazee wa ukoo waliyamaliza kwa taratibu zao. Nyumbani ndiko hayakwisha. Kesho yake nilianza kumweleza Nakato habari za kabureta, akaniachia niseme mpaka nikamaliza.

"Kukimbia sikukasirikii," akasema. "Sote tunakimbia. Ila hukugeuka kututazama."

Bado tunaishi pamoja, na siku hizi watu huniomba niwasimulie mkasa huu kwenye sherehe, nao hucheka sana tukifika kwenye mtaro. Yeye hunyanyuka wakati huo, akaenda kuangalia jikoni. Mimi nimeapa kwamba kikilia kishindo chochote tena katika maisha yangu, nitatazama kwanza nani yuko nami ndipo nifungue mlango. Kama nitaweza kweli, sijui. Namwomba Mungu asinijaribu.