Sheria ya Anga Juu ya Kichochoro Chetu

Kazi yangu ni kufundisha sheria ya anga za juu. Ukisema hivyo mtaani kwetu, Mji wa Kale, watu wanakuombea dua. Mamangu pekee ndiye aliyejaribu kuelewa. Nilimweleza kuwa upo mkataba wa mataifa unaosema anga hizo za juu si mali ya mtu, na kwamba ni marufuku kuweka mabomu ya nyuklia yaizunguke dunia.

"Na silaha nyingine?"

Nikamwambia kwamba kuhusu nyingi ya hizo, mkataba umenyamaza. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Na kwa hilo mwalipwa?"

Mwaka jana jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliibiwa pampu ya maji. Wiki hiyo hiyo akasimamisha mlingoti juu ya nyumba yake, na juu ya mlingoti akafunga kamera. Ililinda tangi lake na pampu mpya, sawa. Lakini iliiona pia dari yetu ya wazi, mahali ambapo mamangu huanika nguo kichwa wazi, nywele zimelowa mafuta ya nazi, akipiga soga na mke wa jirani huyo huyo, aliye darini kwake vivyo hivyo. Tangu siku ile mamangu hakupanda tena. Nguo zilianikwa ukumbini, nyumba ikanuka unyevu, naye akawa hasemezeki.

"Si wewe mwanasheria wa mbinguni?" akanifokea. "Haya, mbingu yenyewe hiyo hapo. Mtu yuwanitazama ndani ya nyumba yangu!"

Ningeweza kuvuka kichochoro, hatua nne tu, nikapiga hodi. Lakini mimi nimesoma. Niliandika barua ya kurasa mbili yenye vifungu. Cha kwanza kilitambua haki ya matumizi ya amani. Cha tatu kilidai ukaguzi. Cha tano nakionea haya hadi leo: kilisema kifaa hakipimwi kwa umbo lake bali kwa kinachoweza kufanya, kwa kuwa chombo kinachoweza kuitengeneza setilaiti ya mwenzako kinaweza pia kuivunja.

Sasa, kwetu sahani haiendi kwa jirani tupu, wala hairudi tupu. Tangu nikiwa mdogo sahani zimekuwa zikivuka kichochoro kile, zikienda na mahamri, zikirudi na sambusa. Siku ile ilikuwa zamu yetu. Nikapanga vibibi vya mchele na nazi, na juu ya vibibi nikaweka barua.

Jioni sahani ilirudi. Imeoshwa, imekaushwa, haina kitu. Mamangu aliipokea mlangoni, akaitazama, akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu tumzike baba.

Asubuhi nikaenda dukani kwa jirani kuomba radhi. Hakuniacha nimalize salamu.

"Mwalimu, mimi nimeibiwa pampu, wewe waniletea mkutano wa mataifa? Mamako angaliniambia kwa mdomo tu, ningaliigeuza kamera siku ile ile."

"Basi igeuze leo, ami."

"Leo nimeshaandikiwa. Nikiigeuza, nimekiri."

Ndivyo hasa zinavyosema dola kubwa, na mimi hulipwa kuwafundisha watu kwa nini zinasema hivyo.

Nilimfikishia mamangu maneno hayo. Akasema, "Nami nataka kamera yangu. Kubwa kuliko yake."

Nilimweleza yote niyajuayo: kwamba anayejihami humtisha mwenzake, mwenzake naye hujihami zaidi, na mwisho hakuna anayelala. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza fundi atakuja lini. Fundi alikuja Jumamosi. Nilimshikia ngazi mwenyewe.

Siku hizi wanawake wale wawili wamerudi kuanika darini, kila mmoja kwake, wamejifunika mitandio hadi kidevuni kwenye jua kali la saa sita, hawasemezani. Na pampu zote zipo.