Uzito wa Ndengu kwa Nambari Kamili

Mdogo wangu huitwa Injinia hata na watu wasiojua anafanya kazi gani. Mimi, niliyemtangulia kuzaliwa na kuishia kidato cha nne, huitwa kaka yake Injinia. Jambo hilo limenichoma miaka mingi.

Chama chetu cha wakulima wa ndengu hapa Mukuyuni kilipata mnunuzi ambaye kompyuta yake ingeiuliza yetu moja kwa moja nani ameleta nini. Mama mwenyekiti alinipa mimi kazi ya kuandika maelezo ya mawasiliano hayo. Mdogo wangu, aliyekuwa Kitui, angetengeneza programu kwa kuyafuata. Nilifurahi kupita kiasi. Safari hii yeye ndiye angefuata nilichosema.

Kazi yenyewe ni kueleza kila kitu ni cha aina gani. Jina ni maandishi. Siku ya kuleta mzigo ni tarehe. Ndengu zimekauka: ndiyo au hapana. Uzito nikauandika nambari kamili, isiyokubali desimali.

Alipoyasoma akanipigia simu.

"Kaka, uzito weka desimali."

"Kwetu tunapima kwa gorogoro. Mkebe usipojaa hauhesabiwi. Umekaa mjini hadi umesahau?"

"Si siku hizi mna mizani? Mizani inasoma hata nusu kilo."

"Wewe tengeneza vile nimeandika, Injinia."

Nilijua yuko sawa. Kubadilisha mstari ule kungekuwa kazi ndogo sana. Lakini desimali ile ingekuwa yake.

Msimu huo mvua ilikatika mapema na watu wakaleta ndengu kidogo kidogo. Nyanya mmoja wa jirani, ambaye sote tunamwita Susu, alileta zisizofika kilo moja. Ujumbe wa programu yetu ukaingia kwenye simu yake: uzito sifuri.

"Sifuri!" alipaza sauti pale kwenye banda la chama. "Kwani nimebeba kikapu kitupu kutoka kule mlimani?"

"Pengine ulituletea maombi, Susu," mama mmoja akamtania.

Watu walicheka, kisha wakatazama simu zao. Kila mmoja alikuwa amekatwa kilichozidi kilo kamili.

Mdogo wangu akaja. Mama mwenyekiti aliuliza mbele ya wote nani aliandika maelezo.

"Tuliandika pamoja, mama," akajibu.

Hata kosa langu alijitwalia nusu, na nikaona watu wakimtazama kwa heshima zaidi. Sijui kama nilisimama kwa ajili ya ukweli, au kwa sababu sikutaka apate hata hilo.

"Niliandika peke yangu. Aliniambia desimali, nikakataa."

"Kwa nini, mjukuu wangu?" Susu aliuliza.

"Wivu."

Hakuna aliyecheka. Vipimo halisi vilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya mizani, kwa hivyo mdogo wangu alirekebisha maelezo na kila mtu akarudishiwa uzito wake. Kazi ya kuandika ikawa yake.

Siku hizi huniletea maelezo mapya niyapitie kabla hajayatuma. Nayasoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa, na nisipolipata, nasikia uchungu.