Fundi wa Wiyoni aliyebomoa ukuta wake mwenyewe

Saa moja na robo asubuhi, Quinter Akoth amepiga magoti kando ya shimo la chokaa nyuma ya nyumba yake, mtaani Wiyoni, kisiwani Lamu. Anasogeza makuti yaliyolifunika, anachota chokaa kiasi cha kijiko, kisha anaisugua polepole baina ya vidole viwili huku amefumba macho.

"Bado," anasema.

Simu iliyo mfukoni mwa dera lake imeshalia mara mbili. Anayempigia ni Bwana Adnan, mwenye nyumba ya wageni mjini, anayetaka vyumba vinne vipigwe lipu kabla ya wageni wa Desemba kuingia. Chokaa ipo, fundi yupo, na mteja ana haraka zake. Kwa mafundi wengine, ngazi ingekuwa imeshaegemezwa ukutani.

Quinter anampigia na kumwomba, kwa heshima zote, angoje siku kumi na tisa. Bwana Adnan anataka kujua ni nani atakayeona tofauti kuta zikishakuwa nyeupe.

"Nitaiona mimi," Quinter anamjibu. Simu inakatwa.

Kazi ya vyumba vinne ni riziki ya miezi miwili na zaidi. Quinter, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hulipwa shilingi elfu moja na mia tano kwa siku, na zipo wiki anazokaa bila kazi hata moja. Mwanawe mkubwa yuko chuoni. Huyu si mtu wa kuringia mteja. Hata hivyo, shimo amelifunika tena.

Hakuna aliyeulizwa mjini humu aliyeweza kumtaja mwanamke mwingine afanyaye kazi ya lipu ya chokaa. Alikuja Lamu kutoka Homa Bay na mumewe, aliyekuwa seremala. Mume alipofariki, watoto wawili wakiwa wadogo, Quinter aliingia kwenye kazi za mjengo, akibeba mchanga na maji kwa shilingi mia nne kwa siku. Fundi Jeilani, mkongwe wa kazi hiyo, alimwona akimaliza kubeba karai na kubaki kutazama mwiko unavyokwenda. Siku moja akampa huo mwiko.

"Nilidhani atachoka baada ya wiki," asema Fundi Jeilani, akicheka. "Nimechoka mimi, yeye angalipo."

Kuna jambo jingine lililomfungulia milango. Katika nyumba za mawe za Lamu, fundi mwanamume akiingia sehemu za ndani, wanawake wa nyumba huhama vyumba vyao mpaka atoke. Quinter akiingia, hakuna anayehama.

"Huyu twakaa naye," asema Bi Thuraya, mama wa makamo mwenye nyumba ya ghorofa mbili katikati ya mji. "Twapika, twasukana nywele, yeye apiga lipu yake. Adhana ikilia, nyundo huiweka tini. Hatukumwambia sisi, aliona mwenyewe."

Quinter ni Mkristo, na jambo hilo hajawahi kulificha wala kulitangaza kwa tarumbeta. Kila Jumapili huenda kwenye kanisa lao dogo, na Jumatatu hurudi kwenye nyumba za jirani zake Waislamu. Anasema Yesu aliamuru jirani apendwe, na hakuuliza jirani huyo anasali wapi. Kumgongea mtu nyundo wakati anasali, kwake, ni kuivunja amri hiyo kwa mkono.

Lakini jambo lililompa jina Lamu halikuanza na sifa. Lilianza na kosa, na kosa lilikuwa lake.

Mwaka juzi Bi Thuraya alikuwa akimwoza binti yake, Hayat. Bibi harusi wa nyumba kama ile huketishwa mbele ya zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyochongwa kwa lipu safu juu ya safu, na wanawake wa mji huja kumtazama. Wanaomtazama hutazama na ukuta. Mwenye kuijua Lamu anajua kwamba huwa hawasazi kitu. Ukuta wa Bi Thuraya ulikuwa umeoza kwa unyevu, akaitwa Quinter.

Alifanya kazi nzuri mpaka alipofika upande wa kushoto wa ukuta. Hapo chokaa mbivu ikamwishia.

Chokaa ya mawe ya matumbawe, ikishachomwa, hulowekwa shimoni siku arobaini. Isipoiva hubaki na vipande vidogo vigumu. Vipande hivyo hupakwa ukutani pamoja na nyingine, vikakaa kimya, halafu vikaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Baada ya miezi, ukuta hutoka vipele na lipu huanguka.

Quinter alikuwa na shimo la pili, la siku tisa tu. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Akachota humo.

"Nilijiambia ni kipande kidogo," anasema. "Nilipomaliza, mama wa nyumba akanisifu, na mimi nikazipokea zile sifa. Hapo ndipo palinichoma."

Haraka haraka haina baraka, wahenga walishasema, na watu wote wanalijua neno hilo mpaka siku wanapolihitaji. Quinter alimweleza mwalimu wake. Fundi Jeilani hakushtuka hata kidogo. Alimwambia anyamaze, kwa kuwa vipele vikitoka watasema ni chumvi. Katika mji uliozungukwa na bahari, chumvi imebeba dhambi nyingi za mafundi, na hakuna mwenye nyumba anayebishana nayo.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili iliyofuata mhubiri mgeni alifundisha juu ya Yesu alivyowakemea wanafiki, akiwafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa, yanayopendeza nje huku ndani yamejaa uozo. Waumini wengine waliitikia amina wakaenda kula chakula cha mchana. Quinter alibaki kwenye benchi.

"Yule mhubiri hakunijua hata jina," anasema. "Lakini mikono yangu ilikuwa bado na ile chokaa kwenye kucha. Nikasema, Bwana, hapa umeniita kwa kazi yangu."

Alijua alichokuwa akikihatarisha. Mgeni kutoka bara, mwanamke, Mkristo, anayeingia ndani kabisa ya nyumba za watu kwa kuaminiwa tu. Neno moja la Bi Thuraya lingetosha kumfungia milango ya mji mzima kabla ya magharibi. Jumatatu asubuhi alikwenda, akasimama mbele ya ukuta uliokuwa unang'aa, akasema lote. Akasema pia kwamba ataubomoa upande huo na kuupiga upya bila malipo.

Bi Thuraya anakumbuka kwamba alikasirika mpaka akaketi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Mialiko ilikuwa imefika mpaka Pate.

"Nalimuuliza, ni nani alokwambia uje unambie haya? Maana mimi sikuona kitu," asema Bi Thuraya. "Akanambia, ni Yesu. Nikamwambia, Nabii Isa, alaihi salaam, hakufunza urongo. Haya, bomoa."

Quinter alibomoa. Ila sasa alihitaji chokaa mbivu, na chokaa mbivu hainunuliwi dukani. Aliuliza mafundi watatu, hawakuwa nayo. Akafika mpaka Mtangawanda kwa boti, kisiwani Pate, akarudi mikono mitupu.

Siku ya tatu, punda wawili walisimama mlangoni kwa Bi Thuraya wakiwa na magunia yanayovuja maji meupe. Nyuma yao alikuwa Fundi Jeilani. Ilikuwa chokaa yake mwenyewe, aliyoiloweka miezi kadhaa nyuma, pepo za kusi zilipoanza, kwa ajili ya nyumba yake.

"Nilimfunza mwiko," asema mzee huyo, na safari hii hacheki. "Hili jingine sikumfunza mimi. Niliona haya kukaa nyumbani."

Kwa kuwa ndani kulikuwa na wanawake, Fundi Jeilani alibaki kwenye daka, kibaraza cha mlango wa nje, akikoroga chokaa na kuipitisha mlangoni, karai baada ya karai. Quinter alifanya kazi siku nane bila hata senti moja. Lipu ilikamilika, ila siku ya harusi upande wa kushoto ulikuwa bado mbichi na wa kijivu.

Wenyeji walitarajia pazia lingetundikwa pale. Bi Thuraya alikataa. Kila mgeni aliyeuliza kwa nini ukuta una rangi mbili alielezwa kisa kizima, na waliouliza hawakuwa wachache. Hayat mwenyewe anasema kuna wakati alihisi kwamba ukuta ulikuwa unatazamwa kuliko yeye.

Quinter hakualikwa kama fundi siku hiyo. Aliketishwa jamvini na jamaa, akalishwa pilau. Anaposimulia hapo sauti yake hubadilika, na hafichi kwamba analionea fahari tukio hilo.

Ukuta huo leo haujatoka kipele hata kimoja. Tangu hapo, nyumba kumi na moja zimemwita, na karibu zote ni za wanawake waliokuwepo harusini. Chema chajiuza, wasema Waswahili. Hiki kilijiuza kikiwa nusu kijivu.

Sasa ana mpango. Anataka kuchimba shimo la tatu, kubwa kuliko haya mawili, ili asiishiwe tena na chokaa mbivu. Wasichana wawili wa mjini, Huwaida na Mwanaarabu, wameomba kufundishwa, na wazazi wao wamekubali. Somo la kwanza, anasema, halitakuwa mwiko. Litakuwa kukaa kando ya shimo na kusubiri. Na wasichana hao wataondoka darasani kila adhana itakapolia, na yeye atawangoja.

"Mimi siwezi kuhubiri," anasema. "Lakini nataka mtu akiegemea ukuta wangu miaka hamsini ijayo, uwe bado unasema ukweli."

Anapokung'uta mikono ili kwenda kazini, simu inaita tena kwa mlio mfupi. Ni ujumbe. Quinter anausoma mara mbili, kisha anamwonyesha mwandishi huyu.

Ni Bwana Adnan. "Nimemuuliza Bi Thuraya," ameandika. "Nangoja."