Pasipoti Mbili za Mzee Muhuri

Mlango wa kwanza alioushika Mzee Muhuri asubuhi ile haukuwa wake. Ulikuwa mlango mwembamba wa kijivu, pembeni mwa ukumbi wa uhamiaji, umeandikwa "Wafanyakazi Tu", na miguu ilimpeleka pale yenyewe kama ilivyompeleka kwa miaka thelathini na moja kabla hajastaafu. Mlinzi akamwita kabla hajazungusha kitasa.

"Mzee wangu, foleni ni kule."

"Naijua," akasema, na ni kweli aliijua. Zile nguzo na kamba zake za bluu alizipanga yeye, akabishana na wakubwa wiki nzima kama zipinde mara tatu au mara nne. Zilipinda mara nne. Leo, akiburuta begi lenye gurudumu moja bovu, alizizunguka zote nne huku akijilaani kimoyomoyo.

Jina la Muhuri hakupewa na mama yake. Walimpa wenzake wa kaunta, kwa sababu alikuwa akigonga pasipoti kwa nguvu hadi kalamu za dirisha la jirani zinaruka. Watu wazima na akili zao walishtuka wakisikia kishindo kile, kisha wakacheka, wakaenda zao. Yeye akabaki. Miaka thelathini na moja ya kuwapa wenzake ruhusa ya kwenda, na hakuwahi kupanda hata ndege ya nusu saa.

Mwenye hamu ya safari alikuwa mkewe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi ambaye futi ya kupimia haikumtoka shingoni kutwa nzima, na mwaka wa kwanza wa ndoa alikwenda kujichukulia pasipoti bila kumuuliza mtu. "Nimeolewa na mwenye funguo za mlango," aliwaambia wateja wake, "nitakosaje kutoka?" Mumewe akasema watasafiri mwakani. Mwakani ilipofika, akasema mwakani. Pasipoti ikaisha muda, akachukua nyingine. Hiyo nayo ikaisha, akachukua nyingine tena, zote tupu, kurasa safi kama zilivyotoka mtamboni. Mzee Muhuri alikuwa mtu mwema, lakini kwa hili tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimnyima mkewe kwa uvivu tu, na kwa kudhani muda upo.

Mwishowe binti yao, muuguzi aliyeolewa nchi ya mbali, alichoka kuisikia hiyo mwakani. Aliwakatia safari ya meli ya kitalii, siku kumi na moja, chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Wangeruka kwa ndege katika kundi la watu kumi na nane hadi mji wa bandari, kisha wapande meli. Mama mtu akajishonea koti la safari lenye mifuko sita, akawa analijaribu kila jioni mbele ya kioo. Miezi minne kabla ya safari, moyo wake ulisimama akiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye kanyagio.

Binti alikuja, akazika, akapiga simu zote za kupigwa isipokuwa moja, ya kampuni ya safari. Hiyo alimwachia baba yake. "Nenda tu, Baba," alisema alipokuwa anaondoka. "Chumba kipo."

Baba hakupiga. Na kuna jambo jingine ambalo binti hakulijua: tangu siku ile, neno lenyewe, kwamba mkewe amekufa, lilikuwa halijamtoka baba yake kinywani hata mara moja. Msibani waliongea wengine. Baadaye, kinyozi au muuza duka wa mtaa wa pili akimuuliza, "Mama hajambo?", yeye alijibu, "Hajambo," kama watu wote wanavyojibu, kisha akarudi kwenye nyumba ambamo hakuna wa kumsemesha isipokuwa redio. Alikuwa mpweke kiasi cha kuwajibu wasoma habari wakisema habari za asubuhi. Moyoni akajiwekea mpango wa kitoto. Pasipoti ya mkewe ingekaa mfuko wa ndani wa koti lake, ingepanda naye meli ikiwa nzima, na angeisimamisha kwenye dirisha la kile chumba. Zaidi ya hapo hakuwa na shida na bahari.

Kwenye dirisha la sita alikaa ofisa kijana mwenye shati lililonyooka kwa pasi. Mzee akavuta pasipoti yake, zikatoka mbili. Mkewe mwenyewe ndiye aliyezifunga pamoja kwa mpira mwembamba siku tiketi zilipofika, ili mume asipoteze ya kwake, na mume hakuwa na moyo wa kuufungua mpira ule. Kijana akaufungua. Akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akaivuta fomu ya wasafiri wa kundi, ambayo kila familia hujaza moja. Penye idadi ya wasafiri, mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi: wawili.

"Mama yuko wapi?"

Mzee Muhuri akageuka, akatazama nyuma.

Jamani! Huyu ndiye aliyewafundisha maofisa wa vizazi vitatu kwamba abiria ukimuuliza swali akatazama nyuma, ana jambo, mweke pembeni. Na kijana naye alikuwa amefundishwa vizuri. Akainua simu.

Chumba cha pembeni kilikuwa kile kile, meza moja, viti viwili, na saa ya ukutani iliyokuwa bado inatangulia dakika tano. Ndege ingeanza kupakia watu baada ya nusu saa. Mlango ukafunguka, akaingia mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye nyota mabegani, akasimama ghafla.

"Mkuu! Shikamoo!"

"Marahaba, binti."

Mzee ndiye aliyemfundisha kazi huyu tangu alipokuwa anashika muhuri kwa mikono miwili. Mwanamke akavuta kiti, uso umemchangamka. "Yaani hawa watoto wanakuweka wewe pembeni! Hawajui wamemkamata nani. Muhuri wenyewe hawaujui, kila kitu mashine. Mama hajambo? Bado anashona?"

"Hajambo," akasema mzee.

Mkuu wa zamu akatupa jicho kwenye zile pasipoti mbili, akatupa jicho kwenye fomu. "Basi aje tuwamalize, kundi lenu limeshavuka. Kaenda chooni?"

Mzee akazitazama zile pasipoti. Njia aliiona, tena nyepesi. Angesema mkewe anaumwa kidogo, amebaki nyumbani, pasipoti yake imebebwa kwa bahati mbaya. Binti huyu angemwamini. Angepita na pasipoti ya mkewe ikiwa nzima, na mkewe angeendelea kuwa hajambo huko nyumbani kwa siku zote kumi na moja. Ila siku akirudi, angeulizwa anaendeleaje, naye angepaswa kujibu hilo pia, na la kesho yake. Alichoka kabla hata hajaanza.

"Amekufa," akasema. Hakusema amefariki, wala ametutoka. "Huu mwezi wa nne. Alikuwa kwenye cherehani. Mimi niko sebuleni nasoma gazeti, nikasikia cherehani imenyamaza, nikadhani amemaliza."

Mkuu wa zamu akaweka kiganja mdomoni. "Mkuu. Mbona hukutuambia?"

"Sikumwambia mtu."

Macho ya mwanamke yakarudi taratibu kwenye pasipoti ya marehemu, na mzee alijua anachofikiria kwa sababu yeye ndiye aliyekiweka kichwani mwake: pasipoti ya marehemu haivuki kaunta ikiwa nzima. Hukatwa kona, ikaandikwa kitabuni, ikarudishwa kwa wenye msiba. Mzee alikata mamia, na kona zenyewe alizisukumia kwenye ndoo ya taka. Siku moja mwanamume mmoja mwembamba, kofia mkononi, aliomba apewe na kile kipande kilichokatwa. "Cha nini? Takataka hiyo," Mzee Muhuri alimwambia, akamwita anayefuata.

"Naweza kusema sikuiona," mkuu wa zamu akasema kwa sauti ya chini.

"Umeiona."

Mwanamke akafungua droo, akatoa mkasi. "Utakata mwenyewe?"

"Mkono hautaweza. Kata wewe. Usiiguse picha."

"Siigusi, Mkuu. Si ulinifundisha wewe?"

Mkasi ulikuwa butu, ukalitafuna jalada mara tatu kabla haujakata. Mkuu wa zamu alikuwa anatokwa na machozi na hakujisumbua kuyaficha. Kona ikaanguka mezani, pembetatu ndogo isiyozidi ukucha. Mzee akaitazama na asiweze kuiomba. Mwanamke akaiokota, akaiweka katikati ya kurasa zile tupu, akazungusha mpira, akamkabidhi bila kumuuliza ya nini.

Akapewa fomu mpya. Penye idadi ya wasafiri akaandika mmoja, na ule mwandiko wa kiofisi ukapinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mashine ikampiga picha, taa ya kijani ikawaka, pasipoti yake ikarudi mkononi bila alama yoyote.

"Hamgongi kabisa?"

"Hatugongi tena, Mkuu. Safari njema."

Upande wa pili wa malango ya vioo kundi lilikuwa limesimama na mizigo yao. Dada wa kampuni ya safari, mwenye kibendera cha njano, alikuwa anahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. Wengi walikuwa wawili wawili, mmoja kashika chupa ya maji, mwenzake kashika makoti.

"Kumi na saba!" akapaza sauti. "Nakosa mmoja. Ni mke wa huyu mzee. Tumsubiri kidogo, jamani, bado hajatoka."

Watu wote wakageukia malango, wakimtafuta mwanamke wasiyemjua. Mzee Muhuri naye akageuka. Yeye aliyetoka kulisema neno kwa kinywa chake, aliyeuona mkasi ukikata, alisimama akalitazama lango likifunguka, akapita mtu na mkoba. Likafunguka tena, akapita mwingine anaongea na simu. Alimtafuta mwanamke mfupi mwenye koti la mifuko sita. Alimtafuta kweli.

Kisha akamgeukia dada wa kibendera.

"Hatoki," akasema. "Twendeni."