Jirani Waliokuja Kuomba Moto

Kwa miaka mingi nilikana kwamba shemeji yangu alikuwa akimpiga dada. Hata chuo kikuu, nilipoandika kurasa nyingi kuhusu ukatili wa majumbani, mifano yote niliitoa kwa watu wengine.

Kwetu kisiwani Kudha, ugomvi ukianza ndani ya nyumba, mwanamke jirani aliingia na kigae mkononi kuomba kaa la moto. Akifuata wa pili na wa tatu, mume alishusha mkono, kwani nani atapiga mbele ya wageni? Mimi mtoto nilidhani jirani zetu ni wavivu wa kutunza moto.

Shemeji alikuwa karani katika ofisi ya Wataliano Kismayu, na alimweka dada kwenye nyumba ya mawe yenye ukuta mrefu. Hakuna aliyeingia kuomba chochote. Tulipomtembelea, jicho lake lilikuwa limevimba.

"Nimegongwa na mlango," alisema.

Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Mwishowe alinivuta mpaka duka la Mwarabu lenye simu, akaomba aunganishwe na ofisi ya shemeji. Aliishika simu mbali na sikio kama itamwuma, hivyo nilisikia yote.

"Mkwe wangu," alisema kwa lahaja yetu ya kisiwani, "mchu hagongwi na mlango kila tukija. Leo naondoka na mwanangu. Ukimtaka, njoo Kudha umwombe mbele ya wanawake wote. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," shemeji alinong'ona.

"Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

Akasema.