Shahada, CPA na Maksai wa Baba

Nakumbuka Jumamosi moja ya mnada pale Mhunze, mwanangu, nilipofunzwa jambo la uhasibu na wazee wawili ambao hawakuwahi kukanyaga chuo. Nakusimulia wewe uliyevua joho juzi, na sasa unaniuliza kama ujiandikishe mitihani ya CPA, ile ya bodi ya wahasibu, au shahada inatosha. Hata mimi nilikuwa na swali hilo hilo, ila sikumuuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe, na nilijijibu vibaya.

Wakati huo nilikuwa nakaimu uhasibu mkuu katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ofisini wananiita bosi, na kijijini kwetu nilikuwa wa kwanza kurudi na shahada. Usinione hivi na mkongojo wangu, nilikuwa naringa. Meneja aliniita akaniambia wazi: "Kazi unaiweza. Lakini cheo hicho kinataka mwenye CPA. Jiandikishe sasa, nafasi nakushikia hadi msimu ujao." Nikatoka nikisema, karatasi haifanyi kazi, mtu ndiye anayefanya kazi. Maneno matamu hayo, mwanangu. Niliyarudia kwa kila aliyeniuliza.

Kumbe nilikuwa naogopa. Chuoni nilikuwa nimerudia mitihani miwili, jambo ambalo nyumbani hawakulijua, nami nikaona heri nionekane nimeikataa mitihani ya bodi kuliko nionekane nimeifeli. Mficha uchi hazai, lakini ujanani nani anasikia.

Basi Jumamosi hiyo nikamsindikiza baba mnadani. Alikuwa anauza maksai wawili wa kulimia, aliowafundisha mwenyewe. Akaja mnunuzi, mzee mmoja mrefu, akawazunguka, akawapapasa shingo, kisha akasema, "Wafungeni nira niwaone." Mimi msomi nikaona baba amedharauliwa. Nikadakia, "Mzee wangu, hawa kawafundisha baba, na baba hasemi uongo. Chema chajiuza."

Yule mzee akanitazama, akatabasamu. "Sina shaka na baba yako, kijana. Lakini baba yako sitamfunga plau. Kama chema chajiuza, basi kiache kijiuze."

Watu wakacheka. Nilitegemea baba akasirike, kumbe yeye alikuwa ameshashika nira. Akawafunga bila haraka, akawafungia gogo lililokuwa kando ya uwanja, akapiga mluzi mmoja. Wakalivuta moja kwa moja hadi kwenye uzio na kurudi. Mnunuzi akatoa bei aliyotajiwa.

Njiani baba akaniuliza habari za kazini. Nikamweleza maneno ya meneja, na jibu langu la karatasi. Akaniita kwa Kisukuma chetu, "Ng'wanawane." Mwanangu. "Mwenye maksai anayevuta haogopi nira. Wewe unaogopa nini?"

Nilinuna wiki nzima, na kiburi hakikuniachia hadi msimu ukafika. Akaletwa binti kutoka Isaka, mdogo kwangu kwa miaka mitatu, na CPA yake mkononi. Nilimkabidhi funguo za kabati. Akanipokea kwa heshima, "Shikamoo, kaka." Shikamoo ile iliniuma kuliko tusi. Jioni nililia, na leo sioni aibu kukuambia.

Jumatatu iliyofuata nikajiandikisha. Mara ya kwanza nilifeli masomo mawili. Nilichokuwa nakiogopa kilinikuta, na wala sikufa. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, nami nikaenda kwa baba nikamwambia yote, pamoja na yale ya chuoni. Akasema tu, "Hata wale maksai, siku ya kwanza walilala chini na nira." Nikarudia, nikafaulu. Tangu hapo nimefanya kazi Shinyanga, Kahama, hadi migodi ya Geita, na kila nilikokwenda nilipokelewa kama mtu aliyekwisha kupimwa. Kile cheo cha kiwandani hakikurudi. Yule binti alikistahili.

Sasa nisikilize. Sisemi kila mhitimu lazima awe na CPA. Kama moyo wako uko kwenye dagaa wa Nkome au duka lako mwenyewe, nenda kafanye biashara, na ikikua utamwajiri mwenye CPA. Lakini kama unataka watu wasiokujua wakukabidhi hesabu zao, watataka kwanza kukuona ukivuta, na hapo hawajakudharau. Jiandikishe mapema, wakati bado una mazoea ya kusoma na hujawa na watoto wa kulipia ada. Ukifeli somo, njoo uniambie, usinifiche. Wewe utafaulu, nakujua. Na ukiamua kukataa, kataa kwa sababu unayoweza kuisema mbele yangu bila kuinamisha macho. Woga usikuamulie, maana mimi uliniamulia, na gharama yake nimekutajia.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe shingo imara na moyo usioona haya kupimwa, na wazazi wako waishi waone matunda yako. Na siku mtu atakapokuambia, "Hebu tukuone," usitafute maneno kama mimi. Inama uvae nira.