Mashuka saba ya Ta Avit

Saa kumi na moja alfajiri, na katika Kagera nzima hakuna mwandishi aliyeamka mapema kuliko huyu anayekuletea habari hii. Tuseme ukweli: hakuamka. Hakulala. Alipofika jana jioni alijifanya anajua kila kitu, akakataa kuoneshwa jinsi ya kuchomeka chandarua, na mbu wa ziwani wakakesha naye.

Ndiyo sababu yupo dirishani wakati huu wa giza jepesi, akimtazama mzee mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta la shule lisilomtosha mikono, akitandaza mashuka kwenye kamba. Anatandaza la kwanza, analivuta pembe zote mbili, anabana vibanio. Anatandaza la pili. Anaendelea hadi la saba.

Nyumba ina vyumba saba. Mgeni ni mmoja tu, na shuka lake bado liko kitandani kwake.

Mzee huyo ni Avit Rugaibula, mwenye umri wa miaka 68. Wenyeji wanamwita Ta Avit, kwa heshima wanayompa mwanaume mtu mzima. Ni mwangalizi wa nyumba ndogo ya wageni iliyo kando ya Ziwa Victoria wilayani Muleba, chini ya mteremko wa Izigo. Ndiye anayepokea wageni, anayepika, anayefagia, anayechota maji na anayezima taa. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa.

"Mbona unafua mashuka ambayo hayajalaliwa, Ta Avit?"

"Yamelaliwa," anajibu bila kugeuka. "Na vumbi."

Kisha anatazama juu, kule mteremkoni, kwenye migomba. Huko anaishi Jovina, binti wa kaka yake, na nyumba ya Jovina inaona kamba hii vizuri kabisa.

"Yule anahesabu," anasema Ta Avit kwa sauti ya chini, kana kwamba migomba ina masikio. "Akimaliza kuhesabu anapiga simu Dodoma."

Dodoma ndiko anakofanya kazi Lilian, mtoto wake wa pekee. Machi mwaka huu Ta Avit aliteleza kwenye mawe akichota maji. Alilala pale kwa saa mbili, mguu umejikunja, mpaka jirani yake Lameki aliposhuka kuomba chumvi. Lilian alipopata habari alilia kwenye simu, kisha akatoa amri: kama nyumba ina wageni, watu wa kusikia baba yake akiita, atamwacha. Kama haina, mwisho wa mwezi huu wa Juni anakuja kumchukua.

"Ni mtoto mzuri," anasema Ta Avit. "Tatizo lake ni kwamba anasema kweli."

Tangu Pasaka, daftari la wageni lina majina kumi na moja. Mmoja kati ya hao ameandikwa mara mbili kwa sababu alirudi kuchukua chaja ya simu. Chumba ni shilingi elfu ishirini na tano pamoja na chai. Mshahara wa Ta Avit ni laki moja na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba, Bwana Dastan, anayeishi Dar es Salaam, humtumia siku yoyote anayokumbuka.

"Ananilipa nilinde nyumba," anasema. "Kuongea na watu nafanya bure."

Na kweli anaongea. Ukutani pale mapokezi, juu ya meza, amebandika karatasi tatu za daftari zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu. Ni ushauri kwa wageni. Kila mgeni anaweza kuusoma mwenyewe, lakini Ta Avit haamini macho ya watu. Anamsomea kila anayeingia, mzigo ukiwa bado mkononi. Mwandishi alisomewa akiwa amesimama, amebanwa na haja ndogo, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa wale wanaopanga kuja, haya ndiyo anayosema, na mengi ni ya kuzingatia.

Usioge penye matete, hata kama maji yametulia kama ya kwenye beseni. "Hayo yaliyotulia ndiyo yana kichocho," anasema. "Na kiboko naye anapenda utulivu. Nenda penye mchanga mweupe, mawimbi yanapopiga, maji yasipite kiuno. Hata kama ulifundishwa kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Bwawa lina ukuta."

Ukitaka kwenda visiwani, ondoka asubuhi, urudi kabla ya saa sita. Mchana upepo unabadilika na ziwa linakunja uso. Boti ikikosa maboya ya kuvaa, mwache mwenye boti aende peke yake.

Kuhusu mvua ana malalamiko yake. "Watu wa Dar wanakuja na miwani ya jua tu. Nawaambia, huku mvua haijui kalenda. Juni, Julai na Agosti ina nafuu, lakini koti chukua. Aprili usije kabisa, labda uwe bata."

Kuna jioni wadudu wadogo wanapanda kutoka majini kama moshi wa jiko la kuni. Hawaumi. Zima taa, funga dirisha, funga mdomo. "Hasa mdomo," anasisitiza, "maana kuna mama mmoja kutoka Arusha alikuwa anamsimulia mume wake jambo refu."

Anacheka mwenyewe. Kicheko kinagonga kuta za vyumba sita vitupu na kurudi.

Kwa usafiri, ukishuka Bukoba mjini, iwe kwa ndege, kwa meli au kwa basi, panda gari za Muleba, ushuke Izigo, kisha chukua bodaboda hadi ziwani. Patana bei kabla hujakaa, na umwambie dereva ashuke polepole kwa sababu breki za huku ni za imani. Desemba weka nafasi mapema, tangu Oktoba, kwa sababu Wahaya wote hurudi nyumbani Krismasi na hupati hata godoro la kukodi.

"Desemba!" anasema Ta Avit, na uso wake unakuwa wa kijana. "Desemba mpaka jikoni wanalala. Nalala kwenye kiti. Silali, nakaa nasikia watu wanakoroma. Hujui utamu wake."

Mwandishi anaishi peke yake Kibeta, mjini Bukoba.

Mke wa Ta Avit, Theopista, ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba hii. Alifariki miaka sita iliyopita na amezikwa kibanjani, kati ya migomba ya ukoo, robo saa kwa miguu kupanda kilima. Kila Jumapili baada ya misa Ta Avit hupanda kupalilia. Huko juu ana nyumba yake, lakini haendi kulala.

"Pale kila kitu kipo kama alivyokiacha," anasema. "Hapa angalau vitanda ni vya wageni. Mtu ukiona kitanda kitupu unajua kinasubiri."

Jioni, kazi zikiisha, hukaa na daftari la wageni akalisoma kuanzia nyuma, kama wengine wanavyosoma magazeti. Anawajua wote. Huyu alikuwa na kikohozi. Huyu aliondoka bila kuaga. Hawa walitoka Morogoro, na mtoto wao wa mwisho alilia akitaka kubaki.

"Nikamwambia mama yake, mwache tu," anasema Ta Avit. "Alidhani natania."

Je, Dodoma ameshafika? Amefika. Mwaka juzi alikaa kwa Lilian wiki mbili.

"Nyumba nzuri mno, waitu, jamani. Choo kiko ndani, karibu na chakula. Asubuhi Lilian kazini, mume kazini, watoto shule. Nabaki na geti. Siku ya nne nikatoka nikamsomea mlinzi ule ushauri wangu wote, kwamba asioge penye matete. Akaniambia, mzee, maji yenyewe yanatoka bombani mara mbili kwa wiki."

Anakunja kona ya daftari, anaikunjua.

"Sio kwamba simpendi mwanangu. Lakini upweke wa hapa naujua. Ule wa kule ningeanza kujifunza upya, na miaka yenyewe imeisha."

Saa nne asubuhi jua limepanda juu ya ziwa na mashuka yamekauka. Lameki anashuka na kijiti mdomoni. Ni fundi wa mitumbwi, ana miaka sitini na kitu, na siku hizi anakuja kila siku kwa visingizio mbalimbali. Leo anaazima kisu ambacho jana alisema anacho.

"Wageni ni wengi leo, Ta Avit!" anasema akitazama kamba.

"Nyamaza wewe, kaa."

Ta Avit analeta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na maganda yake kisha ikaanikwa. Kwa Wahaya mgeni hapewi maneno kabla ya kahawa. Unapokea kwa mikono miwili, unatia mdomoni, unatafuna polepole, basi. Nalo limo ukutani, mstari wa kumi na mbili, kwa sababu kijana mmoja aliwahi kuzitia zote kwenye kikombe akaomba maji ya moto.

Wako watatu kibarazani, wanatafuna, simu ya Ta Avit inapolia. Ni simu ya vitufe, na kwa kuwa sikio lake la kulia limechoka, huweka sauti ya nje. Nchi nzima inasikia.

"Taata, kasinge. Umeamkaje?" Ni Lilian, anamsalimia baba yake kwa Kihaya.

"Salama, mama. Niko mbioni, wageni hawaniachi nipumue."

"Jovina kaniambia. Kaona mashuka saba."

"Saba!" anasema Ta Avit kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imeonekana. "Vyumba vyote. Jana nimemrudisha mtu."

Mwandishi anatazama chini.

"Nimefurahi, Taata. Maana nilikuwa nimeshaulizia tiketi yako," anasema Lilian. "Basi hebu mpe mgeni mmoja simu nimsalimie. Yeyote. Nimwombe awe anakusikilizia ukiita."

Ta Avit anamgeukia mwandishi, ambaye ndiye mgeni pekee wa kweli katika nyumba ile, na kumsogezea simu. Mwandishi anaonesha mdomo wake. Umejaa kahawa. Angeweza kuimeza au kuitema, jambo la sekunde mbili, lakini aliona heri aitafune vizuri.

Simu ikahamia kwa Lameki.

Lameki akakohoa, akanyoosha mgongo, akaikamata simu kama anayeshika samaki aliye hai.

"Haloo," akasema kwa Kiswahili cha redio. "Hapa anaongea mgeni."

"Shikamoo mzee. Karibu kwetu. Unatoka wapi?"

Ta Avit alikuwa akimwashiria kitu kwa mikono, lakini hata mwandishi hakuelewa ni kitu gani. Lameki hajawahi kutoka mkoani isipokuwa safari moja ya Mwanza, ambayo alikwenda kwa meli na kurudi kwa meli hiyohiyo. Akatafuta mji wa mbali.

"Tabora," akasema.

"Oo, Tabora! Sehemu gani ya Tabora?"

"Pale ufukweni," akasema Lameki, sasa amepata ujasiri. "Karibu na mwalo wa samaki."

Wimbi likaja mchangani, likarudi.

"Na maisha ya huko yakoje, mzee?"

"Mazuri. Ila mwaka huu sangara wamepungua."

"Mzee Lameki," akasema Lilian taratibu, "nimekujua tangu ulipokohoa. Mama hajambo? Mrudishie Taata simu."

Lameki akairudisha kwa mikono miwili, akasimama, akakumbuka kwamba ana mtumbwi unaomsubiri. Kisu alikisahau.

Ta Avit aliiweka simu mapajani. Hakuisogeza sikioni, hakuikata. Mashuka yalikuwa yakijaa upepo na kutulia.

"Taata."

"Nipo, mama."

"Wageni saba?"

Alitazama kamba, akatazama mlango wa chumba namba mbili, ambako mkoba wa mwandishi ulikuwa tayari umefungwa na kuegeshwa ukutani.

"Mmoja," akasema Ta Avit. "Na anaondoka leo."